Fumbo la Mlangoni Lisikwamishe Hadithi

SWALI: Ninaendesha mchezo wa Dungeons & Dragons, toleo la tano (mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi, ambamo kila mchezaji ana mhusika wake na dadu huamua kama amefaulu), kwa wachezaji wanne, na tunacheza kwa Kiswahili. Kikao kilichopita niliandika sentensi yenye herufi zilizovurugwa kwenye mlango wa kaburi. Wakakwama hapo karibu saa nzima, hadi mmoja akaanza kuperuzi simu. Je, mafumbo ya herufi na vitendawili vinafaa kweli katika michezo hii? Na mchezaji ambaye mhusika wake ana Akili ya 18 (alama ya juu ya uwezo wa kufikiri), ilhali yeye mwenyewe hapendi mafumbo, aruhusiwe kurusha dadu ili apate jibu?

JIBU: Vinafaa, tena sana, mradi fumbo lisiwe njia pekee ya kuisogeza hadithi mbele. Kilichowakwamisha wachezaji wako ni mambo mawili: urefu wa fumbo, na kukosekana kwa njia ya pili baada ya wao kushindwa.

Tuanze na urefu, kwa sababu umbo la maneno ya Kiswahili lina nguvu kubwa hapa. Chukua neno KISIMA. Herufi zake 6 zinaweza kupangwa kwa namna 360, lakini mtu anayekijua Kiswahili hatazijaribu zote. Ataanza kwa kupokezanisha konsonanti na irabu na kumalizia kwa irabu, na mipangilio ya aina hiyo ni 18 tu. Ndiyo maana neno la silabi tatu hufumbuliwa mapema. Neno la silabi nne lenye konsonanti nne na irabu nne zisizojirudia lina mipangilio 576 ya aina hiyohiyo, ambayo tayari ni mzigo, na sentensi nzima hutoa maneno mengi mno yanayotamkika, kiasi kwamba wachezaji hawawezi kujua kama wanakaribia au wanapotea. Ushauri wangu ni neno moja la silabi tatu, na ukomo uwe silabi nne.

Katika ile mipangilio 18 ya KISIMA limo pia neno SIMIKA, na hii ni bahati ya kutumiwa. Lichonge SIMIKA kwenye jiwe lililo kando ya nguzo iliyoanguka uani mwa kaburi. Wapo watakaolisoma kama amri na kuisimamisha nguzo. Wapo watakaozipanga herufi upya na kwenda kisimani. Waache wote wafaulu: nguzo ikisimama, kivuli chake cha jioni kielekee kwenye kile kisima kilichofunikwa na magugu. Ziandike pia herufi hizo kwenye vipande sita vya karatasi na kuvigawa mezani, ili kila mchezaji awe na angalau kimoja mkononi. Aliyeshika herufi M atalazimika kuulizwa na wenzake, na simu itabaki mfukoni.

Mafumbo ya herufi yana upungufu mmoja: yanataka karatasi, na hivyo huwatoa watu kwenye mazungumzo ya wahusika. Pale unapotaka fumbo la kusikilizwa, tumia kinyume, ule mchezo wa Pwani wa kuileta silabi ya mwisho mwanzoni mwa neno. Kisima kwa kinyume ni makisi. Mzee wa kijiji akiwaambia mashujaa wako kwamba hazina inalindwa na Makisi, watamtafuta mtu huyo jioni nzima, na siku watakapogundua kwamba jina hilo walikuwa wakilitamka wenyewe muda wote, furaha yake ni kubwa kuliko ya kufumbua maandishi ya ukutani.

Kuhusu vitendawili, usitumie vile vya shuleni. Ukitega «Nyumba yangu haina mlango», utajibiwa «yai» kabla hujamaliza. Tunga chako kinachotokana na mahali walipo, kwa mfano: «Mdomo wangu u wazi usiku na mchana, wenye kiu ndio hunitia kamba.» Mtu akitoa jibu jingine linaloshika kila sehemu ya kitendawili, likubali bila kusita, hata kama hukuliwazia.

Jadi yetu, hata hivyo, inatupa kitu cha thamani zaidi kuliko vitendawili vyenyewe, nacho ni kanuni ya kushindwa. Anayetegewa akishindwa, mtegaji husema «Nipe mji», hupewa mji, kisha hutoa jibu. Mchezo hausimami kamwe. Mpe mlinzi wa kaburi lako desturi hiyohiyo: wachezaji wakishindwa, adai mji, nao wataje kijiji kimojawapo cha ulimwengu wenu. Mlango utafunguka papo hapo, lakini kuanzia usiku huo kijiji hicho kiwe chini ya himaya ya mlinzi, na wanakijiji wajue ni nani aliyewatoa. Kikao chako kijacho kitakuwa kimepata chanzo chake.

Sasa suala la dadu. Mchezaji huyo ana haki ya kurusha, kwa kuwa hatumdai anayeigiza shujaa mwenye nguvu anyanyue jiwe la kweli. Lakini dadu impe dalili, si jibu zima. Akili ya 18 humwongezea 4 kwenye dadu ya pande 20, hivyo kiwango cha 15 atakifikia kwa nafasi ya nusu kwa nusu. Akifika 10, mwambie kwamba maandishi yanaweza kuwa zaidi ya amri. Akifika 15, mpe silabi ya kwanza. Akifika 20, mwoneshe michubuko ya kamba kwenye ukingo wa jiwe. Asipofika hata 10, mwenge mmoja uwe umeteketea wakati akiwaza, na arushe tena iwapo wenzake wako tayari kuupoteza mwingine.