Brashi kwanza, mashine baadaye

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mwenye bwawa la kuogelea nyumbani alisafishe kwa njia gani ili asipoteze muda, umeme na dawa? Bwawa letu nalisafisha mwenyewe kwa mwaka wa sita sasa, na jibu langu linaanza na swali ambalo sikuwahi kuulizwa na muuza mashine yeyote: uchafu wako ni wa aina gani?

Kuna unaoelea, kama majani na wadudu. Kuna unaozama, kama vumbi na mchanga. Kuna unaong'ang'ania ukutani, yaani mwani na utelezi. Na kuna ule ulioyeyuka usioonekana: jasho, mafuta ya kujipaka, mkojo. Hakuna kifaa kimoja kinachoumaliza wote. Mwaka wa kwanza mimi niliamini kipo.

Nilinunua mashine ya kufyonza, ile inayotambaa sakafuni kwa mvuto wa pampu ya bwawa. Sakafu ikatakata. Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba ukisimama ukingoni unazihesabu skrubu za kifuniko cha tundu la chini. Jioni moja mwanangu akateleza kwenye ngazi, akajigonga kidevu. Nilipopitisha kidole nyuma ya ngazi, kilirudi na ute wa kijani. Mashine haikuwahi kufika pale, na maji ya pale hayazunguki sawasawa. Mwani ukishashika ukuta hujifunika utando, na klorini hupata shida kuupenya. Kinachouvunja ni brashi.

Tangu siku hiyo napiga brashi kila wiki, robo saa tu. Naanzia kwenye mstari wa maji, ambako mafuta ya mwilini huganda, nashuka na ukuta nikisukuma uchafu kuelekea tundu la chini. Pembe, nyuma ya ngazi na kuzunguka taa sipaachi. Brashi ya nyuzi za chuma ni ya saruji tupu. Kwenye vigae, fiberglasi au karatasi ya plastiki tumia nailoni, maana chuma kitachuna. Majani nayaopoa kwa wavu yakiwa bado juu. Likishazama, jani huoza, huacha doa na kula klorini.

Sasa mashine. Ya kufyonza ni rahisi kununua, lakini ili itembee, pampu kubwa lazima ikimbie kwa nguvu, na pampu hiyo mara nyingi huvuta wati 1,000 au zaidi. Roboti ina mota yake na mfuko wake wa uchafu, hivyo uchafu haupiti hata kwenye chujio la bwawa, na nyingi hutumia chini ya wati 200. Faida kubwa iko kwa mwenye pampu ya kubadilisha mwendo. Ukiipunguza mwendo kwa nusu, maji yanayopita hupungua nusu, lakini kwa kanuni za pampu umeme hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Hata ukiiendesha saa maradufu kusukuma maji yaleyale, bado unatumia kama robo ya umeme wa awali. Kiutendaji akiba hupungua kidogo, lakini ni kubwa. Mwenye mashine ya kufyonza huikosa kila anapotaka kusafisha. Kwa hiyo kwa bwawa la kati au kubwa ningechagua roboti bila kusita. Kwa bwawa dogo lisilo na miti karibu, brashi, wavu na bomba la kufyonza la mkono vinatosha kabisa.

Chujio la mchanga msilioshe kwa mazoea. Tazameni mita ya presha: mshale ukipanda kama asilimia 20 hadi 25 juu ya pale ulipokuwa chujio likiwa safi, ndipo rudisheni maji nyuma, yaani yapite kinyumenyume kwenye mchanga na kutoka nje na uchafu. Mchanga wenye uchafu kidogo hunasa chembe ndogo kuliko mchanga uliooshwa sasa hivi, na kuosha ovyo ni kumwaga maji yenye dawa.

Uchafu ulioyeyuka ni kazi ya klorini, na nguvu ya klorini hutegemea pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji. Ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini iko katika hali inayoua vijidudu kwa haraka; ikifika 8, hubaki robo au pungufu. Ndiyo maana napima pH kwanza na kuiweka kati ya 7.2 na 7.8 kabla ya kuongeza dawa. Klorini isishuke chini ya miligramu 1 kwa lita, au 2 kama dawa yako ina kiambato cha kuikinga klorini isiharibiwe na jua. Na ile harufu kali inayochoma macho haimaanishi klorini imezidi. Mara nyingi ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo, na bwawa linahitaji nyingine. Nawasihi sana: asidi na klorini zisikutane kamwe nje ya bwawa, hata kwenye kopo moja la kupimia, maana hutoa gesi inayoua. Dawa ndiyo hutiwa kwenye maji. Maji hayatiwi kwenye dawa.

Bwawa likishakuwa la kijani, roboti iacheni pembeni, itaziba tu. Sawazisheni pH, pandisheni klorini jioni jua likizama, pigeni brashi ukuta mzima, na pampu ikeshe. Mwani uliokufa hutua chini kama vumbi la kijivu. Ufyonzeni polepole, mkielekeza maji moja kwa moja nje bila kupitia chujio, kisha jazeni maji na mpime upya. Watoto wasiingie mpaka sakafu ionekane vizuri na klorini irudi kwenye kiwango chake.