Slasha za zamani: anza na zile za kabla ya 1980, na tafuta kopi ambayo haijakatwa pembeni

Mkuu mleta mada, umeuliza kama muvi za kutisha za miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini bado zinafaa kutazamwa leo, au zinabebwa na sifa za zamani tu. Mdau mmoja hapo juu akakujibu kwamba zote ni damu na mayowe, ukiona moja umeziona zote. Mimi nimezirudia nyingi miaka hii ya karibuni, na jibu langu ni kwamba zinafaa sana, ila si zote. Na zile zinazofaa zaidi ndizo zenye damu kidogo kuliko watu wanavyokumbuka. Nitataja miisho ya baadhi, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa utamu aishie hapa.

Kwanza tuelewane. Nikisema slasha nina maana ya filamu ya muuaji mmoja mwenye silaha ya mkononi, na kundi la vijana wanaopungua mmoja mmoja mpaka anabaki msichana peke yake. Psycho ya 1960 imo kwenye mizizi yake, na Waitaliano pia wamo, hasa Mario Bava na Bay of Blood yake ya 1971. Friday the 13th Part 2 ya 1981 ilichota humo karibu waziwazi, ile ya wapenzi wawili kitandani kuchomwa mkuki mmoja. Lakini kwangu mimi mambo yanaanza Oktoba 1974. Mwezi huo zilitoka filamu mbili, moja Marekani na nyingine Kanada, zilizotengenezwa na watu wasio na kanuni ya kufuata, kwa sababu kanuni yenyewe ilikuwa bado haijatungwa.

Ya kwanza ni The Texas Chain Saw Massacre ya Tobe Hooper. Jina tu linakufanya ujiandae kuona bucha. Sasa itazame tena huku ukiitafuta hiyo damu. Chukua ile sehemu ambapo muuaji, Leatherface, anambeba msichana na kumtundika kwenye ndoano ya nyama. Mtu aliyeiona zamani atakuapia kwamba aliona chuma kikizama mgongoni. Hakipo! Unaona ndoano, unaona uso wake, unaona karai limewekwa chini yake, na akili yako inamalizia kazi iliyobaki. Hooper alibana damu kwa makusudi akitumaini bodi ya Marekani ya kupanga madaraja ya filamu ingemruhusu kuionyesha hata kwa watoto walioandamana na wazazi. Hakufanikiwa hata kidogo. Uingereza nako bodi ilikataa kuipa cheti mwaka 1975, na ilikuja kuipitisha nzima, bila kukatwa, mwaka 1999.

Kuna sehemu nyingine fupi ambayo hadi leo inanifanya nishike mkono wa kiti. Kijana anaingia kwenye ile nyumba mchana kweupe, anasikia kama nguruwe anakoroma ndani, anasogea mlangoni. Jitu linatokea, nyundo moja ya kichwa, kijana yuko chini anapiga mateke, anavutwa ndani, na mlango wa chuma unafungwa kwa kishindo. Hakuna muziki uliokuandaa, wala kamera haikukimbilia usoni. Imekwisha kabla hujaelewa umeona nini. Waongozaji wa leo wangetumia dakika nzima hapo, na usingeogopa hata nusu yake.

Ilipigwa kiangazi cha 1973 huko Round Rock, Texas, kwenye joto kali. Ile sehemu ya chakula cha usiku walilazimika kuimaliza kwa mkupuo mmoja uliopita saa 24, kwa sababu kijana aliyeigiza babu mzee hakutaka kurudia kuvalishwa ile ngozi bandia. Madirisha yalizibwa ili kuwe giza, taa zinawaka, nyama mezani inaoza. Marilyn Burns, aliyeigiza Sally, msichana anayebaki mwisho, alichanjwa kidole kwa kisu kweli kwa sababu mrija wa damu ya kuigiza uligoma. Ukijua hayo, yale mayowe yake ya dakika za mwisho unayasikia kwa namna nyingine, na mimi hunifanya nimuonee huruma mwigizaji kabla ya mhusika. Na baadaye waigizaji walilipwa pesa ndogo mno, wakati filamu iliingiza mamilioni.

Filamu ya pili ya Oktoba hiyo ni Black Christmas ya Bob Clark, iliyopigwa Toronto, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Wasichana wa chuo wanaishi nyumba moja, Krismasi imekaribia, na mtu anawapigia simu akiwatolea maneno machafu kwa sauti zinazobadilika: mara mwanamume, mara mwanamke, mara mtoto analia. Sauti nyingi alizitoa Nick Mancuso, na alisimama kichwa chini miguu juu ili kifua kibanwe na sauti itoke imekunjamana. Muziki nao Carl Zittrer aliupata kwa kufunga uma, vitana na visu kwenye nyuzi za piano. Vaa hedifoni. Kwa spika za simu unapoteza nusu ya filamu hii.

Nataka niieleze sehemu moja taratibu, maana ndiyo iliyonishika niliporudi kuitazama. Polisi wanataka kujua simu inatoka wapi. Siku hizi ni kubonyeza tu, lakini pale fundi yuko kwenye kituo cha simu, katikati ya safu ndefu za mitambo inayogonga-gonga, na inabidi akimbie kwa miguu kutoka kabati hadi kabati kuufuata mkondo wa simu kabla mpigaji hajakata. Jess, steringi wetu, kazi yake ni kuvumilia kusikiliza uchafu ule ili fundi apate muda. Kamera inakwenda kwa fundi, inarudi kwa Jess, inakwenda kwa fundi. Hakuna mtu anayekimbizwa na kisu, na bado moyo unadunda. Kisha jibu linapatikana: simu inapigwa kutoka ndani ya nyumba ile ile.

Na mtazamaji ulikuwa unajua tangu mwanzo! Muuaji alipanda darini dakika za kwanza kabisa. Msichana wa kwanza kufa, Clare, amekalishwa huko kwenye kiti cha kubembea, mfuko wa plastiki umemganda usoni, dirishani. Baba yake anamtafuta mji mzima, watu wanapekua bustani usiku na kurunzi, naye yuko juu ya vichwa vyao. Hakuna anayepanda kuangalia. Hata mwisho, polisi wanadhani wamempata mtu wao, wanamwacha Jess amelala kwa dawa peke yake, kamera inapanda darini taratibu, na simu inaanza kulia tena. Hatuambiwi muuaji ni nani, sura yake hatuioni, tunaona jicho moja tu kwenye upenyo wa mlango.

Kitu kingine: watu husema kwenye slasha msichana mwema ndiye anayepona na wanaofanya mapenzi ndio wanaokufa. Profesa Carol Clover ndiye aliyempa msichana huyo wa mwisho jina lake linalotumiwa na wachambuzi hadi leo, Final Girl, na kitabu chake cha 1992 bado kinasomwa vyuoni. Sisi vibandani tulikuwa tunajua tu kwamba steringi hafi. Lakini Jess ana mimba, amemwambia mpenzi wake kwamba anataka kuitoa, na hataki kuolewa. Ni steringi mwenye maisha yake na msimamo wake. Ile kanuni ilikuja kubandikwa baadaye na waigaji.

Halloween ya 1978 sitaisifia sana kwa sababu kila mtu anaisifia, ila nina hoja moja. Wengi wetu tuliiona kwa kanda za kukodi, kopi ya kopi, kwenye televisheni ya mraba. John Carpenter na mpiga picha wake Dean Cundey waliipiga kwa umbo pana sana, na kuhamishiwa kwenye kanda kulikata pembeni. Sasa huko pembeni ndiko muuaji, Michael Myers, anakosimama! Kopi pana unamwona kando ya ua wa miti, unamwona katikati ya nguo zilizoanikwa, huku msichana akiongea yake katikati ya picha. Kuna sehemu Laurie, steringi wake, amesimama analia karibu na mlango wa chumba chenye giza, na kinyago cheupe kinajitokeza polepole kutoka kwenye giza lile kwa taa ndogo iliyoongezwa mwanga kidogo kidogo. Kwenye kanda yangu ya zamani pale palikuwa peusi tu. Nilipoiona kopi safi nilihisi naitazama kwa mara ya kwanza.

Bajeti yake ilikuwa kama dola 300,000, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 40 Marekani peke yake. Kinyago ni cha dukani cha sura ya mwigizaji William Shatner, wakakipaka rangi nyeupe na kupanua matundu ya macho. Majani makavu yalipakwa rangi, yakamwagwa mtaani na kukusanywa tena, kwa sababu walipiga California wakati wa machipuko na hadithi ni ya Oktoba. Na kwa Waislamu wenzangu: aliyeweka pesa ni Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo, yule yule aliyeongoza The Message ya 1976 ambayo nyumba nyingi huku pwani zinaijua. Alifariki mwaka 2005 pamoja na binti yake katika mlipuko wa bomu hotelini Amman. Mungu awarehemu.

Pesa ile ya Halloween ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Sean Cunningham alitangaza Friday the 13th gazetini kwa jina tu, skripti ikiwa bado. Mei 1980 Paramount wakaisambaza, na filamu iliyogharimu kama dola nusu milioni ikaingiza karibu milioni 40. Kwa kazi ya mikono ya Tom Savini, fundi wa majeraha ya kuigiza, namvulia kofia. Ile ya mwigizaji Kevin Bacon kuchomwa mshale wa koo: kichwa ni chake, kimepitishwa kwenye tundu la kitanda, shingo na kifua ni bandia, na pampu ya damu ilipoharibika msaidizi akaupuliza mrija kwa mdomo. Ufundi wa kweli huo. Lakini wahusika hawana maisha, unangoja nani anafuata na kwa silaha gani. Muuaji ni mama yake Jason, kwa taarifa ya wanaodhani ni Jason mwenyewe, na kile kinyago cha hoki hakikuja hadi Part III ya 1982. Baada ya hapo ilikuwa mafuriko, na mwaka 1981 pekee zilitoka nyingi mno. Kwa hizo, mdau wetu wa hapo juu ana haki.

Isipokuwa moja: My Bloody Valentine ya George Mihalka. Imepigwa kwenye mgodi halisi wa makaa ya mawe huko Sydney Mines, Nova Scotia. Wenyeji kwa ukarimu wao waliusafisha mgodi kabla wageni hawajafika, ikabidi watengenezaji watumie pesa kuuchafua upya. Chini mle taa zilibanwa kwa hofu ya gesi ya methani, kwa hiyo giza unaloliona ni giza la kweli. Na wahusika ni vijana wa kazi, wenye ngumi, bia na wivu, mji wao hauna kitu kingine zaidi ya mgodi. Wanapokufa unaumia.

Kuhusu zile za kuuza ukatili wenyewe, The Last House on the Left ya Wes Craven ya 1972 na I Spit on Your Grave ya 1978, nitasema ninavyoona. Ya Craven ina hasira ya kweli, na kisa chake kimechukuliwa kutoka kwa mwongozaji wa Sweden Ingmar Bergman, lakini mateso ya msichana yanakatishwa kwa kuingiza vichekesho vya polisi wajinga na muziki wa furaha, na hilo siwezi kulimeza. Ya pili ina ubakaji mrefu kupita kiasi. Najua wanaoitetea kwa kisasi cha mwanamke, nimewasikiliza, ila mimi siirudii, na simshauri mtu aitazame kwa sababu tu ilipigwa marufuku. Ukitaka kuona mwanamke akiishika slasha, tafuta The Slumber Party Massacre ya 1982, imeongozwa na Amy Holden Jones na skripti ni ya Rita Mae Brown.

Kwa hiyo mkuu, mpangilio wangu: Black Christmas kwanza, usiku, hedifoni. Kesho yake Texas, na usisumbuliwe na chenga za picha, ilipigwa kwa filamu ya milimita 16 na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kopi iliyosafishwa 2014 ndiyo nzuri. Kisha Halloween, hakikisha picha ni pana na ina weusi juu na chini ya skrini. Mwisho My Bloody Valentine, ila hakikisha ni toleo la 2009 au la baada ya hapo, kwa maana bodi ya Marekani iliifyeka vibaya ilipotoka na vipande vingine vilirudishwa mwaka huo. Angalia mwaka kwenye kasha au kwenye maelezo kabla hujalipa, zipo nyingi sokoni za lile toleo lililokatwa.