Kabla ya Kuuliza Nchi, Uliza Nani Anabaki

Kila Januari na kila Julai simu yangu hujaa ujumbe. Ni wadogo zangu wa Tanga na Muheza, wengine Mombasa, wachache Bujumbura, na swali lao ni lilelile: "Kaka, kuna wakala kanitafuta, anasema kuna majaribio Ulaya. Niende?" Halafu wananitajia nchi. Ureno, Serbia, Malta, Slovenia. Hajatokea hata mmoja aliyenitajia jina la kocha atakayemkuta huko.

Siwalaumu, maana nami nilianza hivyo. Niliondoka Ngamiani, Tanga, nikiwa na miaka 20, nikacheza miaka saba huku Ulaya, na katika miaka hiyo saba nilivaa jezi za klabu sita, zote za madaraja ya chini. Kila nilipohama nilimpigia mama simu na kumwambia mambo yanakwenda vizuri, nimepata timu mpya. Leo naishi Graz, Austria. Nafanya kazi kwenye ghala la vipuri vya magari, na Jumamosi nafundisha watoto wa mtaani kwetu mpira. Jambo ambalo lingenisaidia sana nikiwa mchezaji nilikuja kulijua nikiwa nimeshatundika daluga, nimekaa jukwaani ng'ambo ya mpaka, mjini Maribor, Slovenia.

Kutoka Graz hadi Maribor ni kama saa moja kwa treni. Mwenzangu wa ghalani ni mzaliwa wa huko, na kila Jumatatu alikuwa akinisimulia mechi ya timu yake mpaka siku moja akanichukua twende wote. Uwanja unaitwa Ljudski vrt, yaani bustani ya watu. Ni uwanja wa watu elfu kumi na mbili hivi, jukwaa lake kuu limefunikwa na tao kubwa la zege ambalo ukiliona mara moja hulisahau. Timu huvaa zambarau. Klabu yenyewe, NK Maribor, ilianzishwa 1960, na tangu Slovenia ipate ligi yake mwaka 1991 imechukua ubingwa mara 16, saba kati ya hizo mfululizo, kuanzia 1997 hadi 2003.

Siku hiyo nilimwangalia mtu mmoja tu, nahodha, jezi namba 9.

Marcos Tavares alizaliwa Porto Alegre, Brazil, mwaka 1984. Alifika Maribor mwanzoni mwa 2008, ana miaka 23, baada ya kupita APOEL ya Kupro. Wabrazili wa njia hiyo ni wengi katika ligi ndogo za Ulaya: anakuja, anacheza msimu mmoja, wakala anampigia, anaondoka. Tavares alibaki hadi 2022 na akastaafu akiwa na miaka 38. Rekodi zote mbili kubwa za klabu ni zake, ya mechi na ya mabao: zaidi ya mechi 500 na zaidi ya mabao 200 ukijumlisha mashindano yote. Kwenye ligi peke yake alifunga 159, na hakuna mchezaji mwingine wa ligi hiyo aliyefika hapo. Ubingwa aliuonja mara tisa.

Mtu akisikia hivyo husema ni mapenzi na klabu. Mapenzi yalikuwepo, sikatai, lakini mimi kama mchezaji niliona kitu kingine, na ndicho ninachotaka wadogo zangu wakielewe.

Ligi ya Slovenia ina timu 10. Kila timu hukutana na mwenzake mara nne kwa msimu, ndiyo maana mechi zinafika 36. Sasa fikiria wewe ni beki wa kati kule. Unakabana na Tavares mara nne mwaka huu, mara nne mwakani, mara nne mwaka unaofuata. Unajua anapopenda kusimama. Unajua anageukia bega gani. Kocha wako anajua, kipa wako anajua, hata watoto waokota mipira wanajua. Na bado alifunga, mwaka baada ya mwaka, kwa miaka 14. Haiwezekani kufanya hivyo kwa ujanja uleule mmoja. Ilibidi kila msimu aongeze kitu: wakati mbio zinapungua, asimame mahali pazuri zaidi, wakati wamemzoea kama mmaliziaji, arudi nyuma kidogo achukue mpira na kuugawa.

Nilipolitambua hilo nilikaa kimya mpaka mechi ikaisha. Nilikuwa najiona mwenyewe.

Mimi nilikuwa winga wa kulia mwenye chenga moja. Namvuta beki nje, naingia ndani na mguu wa kushoto, napiga. Kila klabu mpya niliyofika, chenga ile ilifanya kazi miezi mitatu ya kwanza. Watu wananishangilia, kocha ananipigapiga mgongoni. Mzunguko wa pili ukianza, mabeki wameshanisoma, wananifungia ndani na kuniachia njia ya nje ambayo sikuwa na la kufanya nayo. Nakaa benchi. Hapo ndipo wakala alipokuwa akinipigia: "Hawakuthamini hapo, nina timu nyingine." Nami nahama. Kule ninakokwenda hawanijui, chenga inafanya kazi tena miezi mitatu. Miaka saba hivyo. Kuhama kulikuwa kunanifichia ugonjwa wangu. Ningebaki mahali pamoja ningelazimika kujifunza kupita nje kwa mguu wa kulia, au niache mpira.

Kwa hiyo dogo, ukikaa benchi baada ya miezi mitatu mizuri, usikimbilie kusema kocha anakuchukia. Jiulize kwanza mabeki wamejua nini kuhusu wewe.

Nakubali pia kwamba kubaki si jambo la mchezaji peke yake. Huwezi kudumu katika nyumba ambayo wenyeji wake wanabadilika kila msimu. Klabu yangu ya pili nilisajiliwa na kocha aliyenipenda kweli. Wiki sita baadaye akafukuzwa. Aliyekuja alinikuta mazoezini akauliza huyu ni nani. Sikupata dakika hata moja ya ligi chini yake, na mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja wenye kipengele cha kuongeza mwaka ambacho uamuzi wake ulikuwa wa klabu tu, mimi sina sauti. Kipengele hicho kitazame sana. Kama klabu ina haki ya kuongeza, nawe dai kitu kinachokulinda: mshahara wa mwaka wa pili uandikwe kabisa, na tarehe ya mwisho ya wao kukujulisha iandikwe.

Linganisha na alichokikuta Tavares. Zlatko Zahović, nyota wa zamani wa timu ya taifa ya Slovenia na mzaliwa wa Maribor, alikuwa mkurugenzi wa michezo kuanzia 2007 hadi 2020. Darko Milanič alikuwa kocha kuanzia 2008 hadi 2013, kisha akarudi 2016 akakaa hadi 2020. (Hapa Graz tunamfahamu vizuri, alicheza Sturm, klabu ya hapa, na akaja kuifundisha pia.) Katikati yao alikuwepo Ante Šimundža, mtoto wa Maribor, aliyekuwemo kwenye kikosi kilichoitoa Lyon ya Ufaransa mwaka 1999 na kuingia Ligi ya Mabingwa Ulaya, na ndiye aliyekuwa kocha klabu iliporudi huko 2014. Yaani mchezaji aliyefika 2008 alipata wenye nyumba waliomjua, na Zahović bado alikuwepo alipofikisha miaka 30. Walimwona akikosea, wakamwona akirekebisha.

Ndiyo maana walidumu na wengine. Mitja Viler, beki wa kushoto, alikaa miaka mingi bila makelele, na Agosti 2017 bao lake, la pekee katika mechi ya marudiano dhidi ya Hapoel Be'er Sheva ya Israel, ndilo lililoirudisha Maribor Ligi ya Mabingwa, baada ya Tavares kufunga bao la ugenini katika mechi ya kwanza. Martin Milec alikulia hapohapo, akaenda Ubelgiji, akarudi. Halafu Jasmin Handanović, kipa, ambaye napenda kuwatajia wale wanaoniandikia kwa huzuni kwamba wamefika miaka 25 na bado hawajatoka. Handanović alijiunga na Maribor mwaka 2010 akiwa na miaka 32, akitokea Mantova ya Italia. Mwaka 2014, mwezi Oktoba, timu ilifungwa 6–0 na Chelsea jijini London. Wiki mbili baadaye Chelsea wakaja Ljudski vrt. Agim Ibraimi wa Maribor akafunga bao zuri sana, Matić wa Chelsea akasawazisha, na dakika za mwisho Eden Hazard akapewa penalti. Handanović, miaka 36, akaiokoa. 1–1.

Usidharau ligi ndogo, nawaambia hivyo kila mara, lakini kutoidharau peke yake hakutoshi. Ielewe. Bingwa wa Slovenia huanza kucheza Ulaya mwezi Julai, wakati timu kubwa ziko ufukweni. Mwaka 2014 Maribor walipita kwanza kwa Zrinjski ya Bosnia, kisha Maccabi Tel Aviv, ndipo wakakutana na Celtic ya Scotland. Nyumbani 1–1. Glasgow, dakika ya 75, Tavares akafunga, 1–0, wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Mchezaji wa akiba kwenye timu ya daraja la pili ya nchi kubwa hapati mechi kama hizo maisha yake yote. Ukichagua klabu, angalia Julai wanacheza na nani.

Na lugha. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa mgeni kwa miaka saba kwa sababu kila nilipoanza kushika maneno ya watu nilihama. Tavares alijifunza Kislovenia akawa nahodha anayeongea na vijana wa akademi kwa lugha yao. Huwezi kuwa nahodha wa watu ambao mzaha wao huuelewi. Saa mbili kwa wiki za darasa la lugha, kuanzia wiki ya kwanza, hata kama mkataba ni wa miezi sita. Ukiweza kumuuliza kocha kwa lugha yake "kwa nini sichezi?", utapata jibu la kweli. Ukimuuliza kupitia wakala, utapata jibu la wakala.

Sasa kuna swali ambalo dogo mmoja wa Mombasa aliniuliza, na lilinifanya nifikiri siku mbili: "Kaka, kwa hiyo nisihame kamwe?" Hapana. Mtazame Josip Iličić. Mwaka 2010 alikuwa Interblock, klabu ndogo ya Ljubljana, Zahović akamchukua Maribor. Msimu haujafika mbali, Agosti, wakakutana na Palermo ya Italia kwenye mchujo wa Ligi ya Europa. Palermo walishinda 3–0 kwao, Maribor wakashinda 3–2 nyumbani, Iličić akafunga, na Palermo wakamnunua pamoja na kiungo Armin Bačinovič. Alikaa Maribor kipindi kifupi mno. Miaka kumi baadaye, Machi 2020, akafunga mabao manne dhidi ya Valencia kwenye Ligi ya Mabingwa akiwa na Atalanta. Alifanya vizuri kuondoka, na 2022 alirudi Maribor akapokelewa kama mtoto wa nyumbani.

Tofauti ya Iličić na mimi naiona hivi: yeye aliondoka baada ya klabu kubwa kumwona uwanjani kwa macho yao, dakika 180 dhidi yao wenyewe. Mimi nilikuwa naondoka baada ya kushindwa, kwenda kwa watu walioniona kwenye video ya dakika tatu ambayo mabao yake matano yote yalikuwa ya chenga ileile. Ukihama, hama unapofuatwa na aliyekuona ukicheza. Ukitaka kuhama kwa sababu ya benchi, subiri kwanza nusu msimu, fanyia kazi lile moja wanalokufungia, ndipo uamue.

Wiki iliyopita kijana wa Muheza, beki wa kulia, kaniandikia kwamba ana ofa mbili. Moja ni nchi yenye jina, daraja la tatu. Nyingine ni klabu ambayo hata mimi ilibidi niitafute kwenye ramani. Sikumwambia achague ipi. Nilimwambia aniletee majina matatu kutoka kila klabu: kocha, mkurugenzi wa michezo, na mchezaji aliyekaa pale muda mrefu kuliko wote, na mbele ya kila jina aandike mwaka aliofika.

Ya kwanza alirudisha majina mawili, yote ya mwaka huu. La tatu hakulipata. Ya pili alileta yote, na jana usiku akaandika tena: "Kaka, kuna kipa ana miaka 11 pale. Nimempata Instagramu. Nimwandikie nini?"

Nimemjibu amsalimie kwa adabu, ajitambulishe, halafu amuulize mambo mawili: tangu afike, mshahara umechelewa mara ngapi, na wageni waliokuja wakabaki, walifanya nini miezi sita ya kwanza.