Pesa Imeingia, Lakini Bado Si Yako: Kwa Wauzaji Wapya wa Mtandaoni

Wadogo zangu mnaouza bidhaa mtandaoni, nawapenda, lakini mnanichosha. Juzi tena binti mmoja anayeuza viatu hapa Mombasa alimkabidhi mwendesha bodaboda jozi sita kwa sababu mteja alimtumia picha ya skrini inayoonyesha kwamba amelipa, naye hakuangalia salio lake hata mara moja. Picha ilikuwa safi, ina kiasi, saa na msimbo wa muamala. Kilichokosekana ni pesa. Makosa haya tuliyafanya sisi wakati Lipa na M-Pesa ilipokuwa bado ngeni, nikadhani tumeyazika, kumbe yanarithiwa.

Nitayapanga kwa nambari, kwa kuwa nimeambiwa hamsomi kitu kisicho na nambari.

1. Ujumbe si malipo. Malipo ni salio lako, na kwa wenye till, yaani nambari ya biashara ya Lipa na M-Pesa, ni orodha ya miamala katika programu ya biashara. Ujumbe halali huja kwa jina la MPESA, hauji kutoka nambari ya mtu, na yule aliyelipa kweli hana haja ya kukushawishi kwa picha. Andikeni kila msimbo kando ya oda yake, maana wapo wanaolipa mara moja na kuuonyesha msimbo huo huo mara mbili, asubuhi kwako na jioni kwa mfanyakazi wako.

2. Acheni kupokea pesa za duka kwa laini zenu binafsi. Mtu aliyetuma pesa kwa nambari ya kawaida anaweza kuupeleka ujumbe wa muamala kwa 456, nambari ya Safaricom ya kuomba muamala ubatilishwe, akidai kwamba alikosea nambari, na ikiwa pesa hizo bado zimo katika akaunti yako, zinaweza kuzuiwa na kisha kurudishwa kwake huku kifurushi chako kimeshafika Nakuru. Sisemi kwamba kila anayeomba kurudishiwa ni tapeli; mama yangu mwenyewe aliwahi kumtumia fundi cherehani mchango wa harusi ya watu, na fundi akashukuru sana. Nasema kwamba ukiwa na nambari ya biashara, pamoja na mazungumzo ya oda yenye bei, tarehe na jina la mlipaji, utakuwa na kitu cha kuonyesha utakapoulizwa.

3. Anwani. Hapa nitakawia kidogo, mnivumilie.

Nilipoanza kuwauzia vyondo wateja wa ng'ambo, nilipokea malipo kupitia kampuni moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa masharti yake yalikuwa wazi na mimi ndiye sikuyasoma. Mteja wa Marekani aliagiza vyondo vikubwa vya katani, vile vyenye mkanda wa ngozi, akalipa siku hiyo hiyo bila kuomba apunguziwe hata senti. Kwa mtu aliyelelewa na bei za Kongowea, mnunuzi asiyepatana alipaswa kunitia shaka, lakini mimi niliuona huo kuwa ustaarabu. Kesho yake akaniandikia, kwa upole mwingi, kwamba vyondo ni zawadi ya dada yake aliyejifungua, na kwamba angefurahi iwapo ningevipeleka moja kwa moja kwa dada huyo katika jimbo jingine. Nilimpa hongera. Nikakata karatasi nyeupe, nikaandika anwani ya dada kwa kalamu ya wino mzito, nikaibandika juu ya ile ya kwanza na kuzikandamiza kingo zake kwa kidole gumba ili isibanduke njiani. Karani wa kampuni ya usafirishaji aliupapasa ule unene wa karatasi mbili, akaniuliza kama nina hakika. Nilimwonyesha ujumbe wa mteja kwa fahari ya mtu anayeonyesha cheti cha ndoa.

Kifurushi kilifika na mtu akatia sahihi. Nilizitoa pesa, nikawalipa akina mama wasusi wa Kitui, nikalipa gharama za usafirishaji, na zilizobaki nikanunulia katani nyingine. Wiki kadhaa baadaye ikaja taarifa kwamba mteja hajapokea chochote. Niliisoma kwa utulivu wa mwenye ushahidi, kwa kuwa nilikuwa na nambari ya kufuatilia mzigo, sahihi ya mpokeaji, tarehe, na maneno ya mteja mwenyewe akiomba mzigo upelekwe kule. Niliandika utetezi mrefu, wenye aya nyingi na hasira ya kistaarabu, nikamtaja hata mtoto aliyezaliwa. Mwamuzi wa ile kampuni ya malipo hakutaka habari za mtoto. Alitaka kujua jambo moja tu, yaani kama anwani iliyo katika risiti ya msafirishaji ndiyo ile ile iliyo katika ukurasa wa muamala, na haikuwa ile ile, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyeifunika kwa karatasi. Pesa zilirudi kwa mteja, akaunti yangu ikasoma deni, na malipo ya mteja mwaminifu aliyefuata yakamezwa na deni hilo kabla sijayagusa, hata ikanibidi nimtengenezee na kumtumia bidhaa zake kwa pesa za mfukoni. Wasusi walikuwa wameshalipwa, na hiyo ilikuwa haki yao. Wao walinipigia simu kuuliza oda nyingine inakuja lini.

Kwa hiyo ninyi mnaotumia PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni ambayo tangu 2018 inawawezesha Wakenya kutoa pesa hadi M-Pesa, eleweni kwamba ulinzi wake kwa muuzaji unadai mzigo upelekwe kwenye anwani iliyo katika ukurasa wa muamala, na kwamba mnunuzi ana siku 180 tangu alipolipa za kufungua malalamiko. Mteja akibadilisha anwani, mrudishie malipo yake yote na umwombe aagize upya kwa anwani anayoitaka, akikataa, umeokoka. Anayesema kwamba atamtuma msafirishaji wake mwenyewe auchukue mzigo mlangoni kwako anakunyima ushahidi ule ule, na anayeomba kulipa kwa njia ya marafiki na familia ili mkwepe ada anakuvua ulinzi wote, kwa kuwa njia hiyo haikuwekwa kwa ajili ya biashara. Tena aliyelipa kwa kadi anaweza kuiruka kampuni ya malipo na kwenda kulalamika kwa benki iliyompa kadi, na benki ikiamua, kampuni ya malipo hufuata.

4. Mteja "aliyekosea" akalipa zaidi, kisha akaomba tofauti irudishwe haraka kwa M-Pesa, tena kwa nambari nyingine, huenda amelipa kwa kadi ya wizi. Mwenye kadi akigundua, malipo yote yatarudi kwake, na ile tofauti uliyoituma kwa mkono wako haitarudi. Kilichoingia kwa kadi kirudishwe kwa kadi hiyo hiyo, ndani ya muamala huo huo.

5. Mnaopokea malipo katika tovuti kupitia kampuni za kati, someni kwanza orodha ya Benki Kuu ya Kenya ya watoa huduma za malipo wenye leseni, iliyopo kwa mujibu wa Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011. Mwezi Julai 2022 Benki Kuu iliziambia benki ziache kushirikiana na kampuni za malipo za Flutterwave na Chipper Cash kwa kuwa wakati huo hazikuwa na leseni hiyo nchini, na hayo si majina ya vichochoroni. Muuzaji ambaye mapato yake yote hupitia mlango mmoja huisoma habari ya namna hiyo akiwa amesimama. Wekeni njia mbili, toeni pesa mara kwa mara, na acheni akiba ya kulipia malalamiko.

6. Barua pepe. Ukiandikiwa kwamba malipo yako yamezuiwa mpaka utume nambari ya kufuatilia mzigo, usibofye kitu. Ingia mwenyewe katika akaunti yako uone kama muamala huo upo, na mara nyingi hautauona. Malalamiko ya kweli nayo huja kwa barua pepe uliyosajilia akaunti, na muda wa kujibu ukipita kimya, mnunuzi hushinda bila kuongeza neno. Jibu kwa ufupi, kwa heshima, na uambatishe risiti ya msafirishaji. Lakini kwanza hakikisheni kwamba barua pepe hiyo mnaweza kuifungua, kwa maana nawajua: wengi wenu mlisajili kwa ile mliyotengenezewa saiba mkiwa kidato cha tatu, na nenosiri lake analijua yule jamaa wa saiba peke yake.