Vijana wa ulinzi wa msafara, "nilidhani" haiandikwi kwenye OB, daftari la matukio

Juzi kwenye tathmini kijana mmoja kasema tena: "Afande, nilidhani paa lile ni la polisi." Nikainamisha kichwa. Maneno hayo hayo yaliwahi kunitoka mimi.

1. Redio ichajiwe usiku, si asubuhi. Basi.

2. Ukigawa lindo, taja mtu, usitaje kikosi. Butler, Pennsylvania, Marekani, tarehe 13 Julai 2024, aliyemfyatulia Trump risasi alipanda paa lililokuwa mita 130 hivi kutoka jukwaani. Polisi wa pale walishamtilia shaka mapema, lakini redio zao na za Secret Service, walinzi wa marais wa Marekani, hazikuwa zikisikilizana.

Yangu ilikuwa mlango. Nilikuwa mkuu wa zamu, ukumbi umekaguliwa wote isipokuwa mlango wa nyuma. Ufunguo, nikaambiwa, yuko nao mtu wa jengo. Nikasaini fomu. Mheshimiwa yuko katikati ya hotuba, mlango ukafunguka, akaingia mzee wa watu na sinia la glasi. Mpaka tunamdaka kabakiza hatua nne kufika kwenye kiti. Glasi zilitikisika muda mrefu kuliko yeye. Hakuwa na baya lolote, na hilo ndilo lililoniponza: nilipoulizwa nikasema lindo lile lilikuwa la kijana fulani. Kijana akaondolewa kwenye msafara. Nilikaa siku tisa nikila naye meza moja, ananiita afande, ananipakulia. Siku ya kumi nikaenda kwa mkuu nikasema ukweli. Hakufoka. Aliuliza tu, "Na hizo tisa?" Nilisimama pale kama mwanafunzi.

3. Kuwajibika si kujiuzulu tu. Mkurugenzi wa Secret Service wakati huo, Kimberly Cheatle, alihojiwa na wabunge tarehe 22 Julai, kesho yake akaachia ngazi. Sawa. Ila kabla ya hapo aliwahi kutoa sababu ya kutoweka mlinzi kule Butler kwamba paa lile lina mteremko, ilhali wadunguaji wake mwenyewe siku ile walikuwa juu ya mapaa yenye mteremko! Jamani, mkubwa akitafuta sababu, wadogo wote wanajifunza kutafuta.

4. Msile kabla ya kupokezana lindo. Nitalieleza siku nyingine.

Kijana wa juzi ananiuliza barua ya maelezo aianzeje. Nimemwambia asubiri, yangu itangulie: orodha ya malindo niliipanga mimi, na kwenye paa lile niliandika "polisi".