Umesapu Umeme na Sumaku? Usihame kozi kwanza

Tangu matokeo yatoke simu yangu haitulii. Ujumbe wa kijana mmoja wa mwaka wa pili chuoni, aliyepata sapu (mtihani wa kurudia baada ya kufeli kozi), ndio ulionikalisha chini kuandika haya: "Kaka, nimesapu Umeme na Sumaku. Mhadhiri anasema fizikia si ya kila mtu. Nihame?"

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mbele ya darasa zima, karatasi yangu ya testi ikiwa imeinuliwa juu kila mtu aione. Miaka imepita na bado yananichoma. Nilitoka PCM (fizikia, kemia na hisabati) na A ya fizikia, nyumbani wananiita profesa, halafu mtu anayelipwa kunifundisha ananitangaza kuwa sifai.

Akili hazikuwa tatizo. Kidato cha sita unaona chaji, unakumbuka fomula, unaweka namba, jibu linatoka. Chuoni unakutana na kanuni ya Gauss, inayohusisha uga wa umeme kwenye uso uliofungwa na chaji iliyo ndani yake, imeandikwa kwa intigresheni (kujumlisha vipande vidogo vidogo) ya uso, wakati vekta zenyewe ndiyo kwanza zinafundishwa muhula huo huo kwenye kozi ya hisabati. Wengi wanaangukia hapo, na hakuna anayewaambia sababu.

Aliyenivusha ni dada wa mwaka wa tatu, jioni moja kwenye kimbweta. Alinipa tufe lenye chaji iliyosambaa sawasawa ndani yake, nitafute uga wa umeme, yaani nguvu ambayo chaji moja ingeihisi kila mahali. Nikaandika fasta: unapungua kwa mraba wa umbali. Akauliza, "Na ukiwa ndani ya tufe?" Kimya. Akachora duara dogo ndani ya lile kubwa, akalitia kivuli kwa penseli. "Hesabu chaji iliyo humu tu." Chaji ile inakua kwa kipeo cha tatu cha r (umbali kutoka katikati), eneo la uso kwa kipeo cha pili. Ukigawanya, uga unapanda kwa mstari ulionyooka kutoka katikati mpaka kwenye uso wa tufe, ndipo unaanza kushuka. Grafu hiyo niliichora mwenyewe, na siku ile nikajua fizikia ni yangu.

Kwa hiyo wadogo zangu, fungeni madesa, yale majibu na notsi za kunakili. Chukua karatasi tupu, chora kwanza, jiulize chaji iko wapi, ndipo uguse fomula. Ukikwama, muulize aliyekutangulia. Kisha rudia kwenye karatasi nyingine tupu. Kukesha na suluhisho la mwenzako mbele yako si kusoma, hata kama macho yamekuwa mekundu.

Na pigeni hesabu ya GPA, wastani wa alama zenu za chuo, kabla ya kulia. Mwenye 3.2 kwa miaka miwili ya mwanzo, yuniti za kila mwaka zikilingana, akipata 4.1 mwaka wa tatu anamaliza na 3.5, daraja la pili la juu. Mimi nilifika huko, na leo nafundisha fizikia kidato cha tano na sita. Hakuna mwanafunzi wangu atakayeinuliwa karatasi yake mbele ya wenzake.

Wewe uliyeniandikia, fomu ya kuhama iache. Fanya swali la tufe, halafu la silinda ndefu isiyo na mwisho: nje yake uga unashuka kwa 1/r, siyo kwa mraba. Ukishapata kwa nini, nipigie picha kazi yako unitumie, tuendelee na kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji.