Mdogo wangu, kabla hujanunua maikrofoni

Juzi usiku kijana mmoja wa Korogwe kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kufungua lebo ya mashairi na sauti za asili kama yako. Ninunue maikrofoni gani?" Nilicheka peke yangu. Miaka sita iliyopita nami niliuliza hilohilo, na mkopo wangu wote wa saccos ukaishia kwenye rekoda, maikrofoni mbili na kofia zake za manyoya za kuzuia upepo. Mke wangu aliponiona nazo aliuliza nimeleta paka wa nani.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya malenga mmoja wa Pangani, mzee aghanaye tenzi bila kutazama karatasi. Nilitaka chini ya sauti yake usikike usiku wa msitu, basi nikapanda Amani, huko Usambara Mashariki, kumtafuta perere. Kanyama kenyewe kadogo, sungura aliyenenepa akakosa masikio, lakini giza likiingia anapiga kelele utadhani mtu anakabwa. Alfajiri hondohondo wakipita juu, mabawa yao peke yake yanavuma. Nililala huko siku nne, nikapata dakika kumi na moja safi. Zilizobaki ni pikipiki, redio ya jirani, na mimi mwenyewe nikikohoa.

Sitaki kujisifu, ila flashi 140 za tenzi hizo ziliuzwa zikaisha kabla ya Ramadhani. Mtu wa Muscat, asili yake Pangani, alinipigia simu akilia kwa kusikia mahadhi ya babu yake. Mwanamuziki gani wa hapa mjini kawahi kupigiwa simu ya namna hiyo?

Nikavimba kichwa. Mvua na vyura wa Amani nikawapandisha mtandaoni peke yao, bila shairi. Baada ya miezi kadhaa nikaletewa taarifa kwamba vyura wale ni mali ya mtu mwingine, na mwizi ni mimi! Jamaa alikuwa kawachukua, kawatia kwenye sauti zake za kulalia watoto, kisha kaziandikisha kabla yangu. Mashine inayolinganisha sauti haiijui Amani; inamjua aliyetangulia kuandikisha. Nikaombwa ushahidi. Sina. Rekodi za mwanzo nilikuwa nimezifuta ili kadi ipate nafasi. Kadi ya shilingi elfu ishirini! Mpaka leo nikisikia chura, moyo unanichoma.

Kwa hiyo sikiliza: hifadhi rekodi ya mwanzo. Ukibonyeza kitufe, taja kwanza mahali, tarehe na saa kwa sauti yako, ndipo unyamaze. Malenga muandikishane kwa maandishi, na wanawe wakiwepo. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na hifadhi rekodi ya mwanzo.

Vijana mnapenda kupandisha kazi leo, kesho mhesabu wasikilizaji. Moses Asch alianzisha lebo ya Folkways mjini New York mwaka 1948, na mwaka 1958 akatoa santuri nzima ya sauti za vyura wa Amerika Kaskazini. Wangapi waliinunua? Hakujali, kazi zake hakuzitoa sokoni hata zilipododa. Alipofariki mwaka 1986 aliacha albamu zaidi ya 2,000, na Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, ilipozichukua mwaka uliofuata sharti lilikuwa zote ziendelee kupatikana. Huyo alikuwa na lebo. Wewe mwenye simu iliyojaa, unayefuta ili upate nafasi ya video za harusi, una nini?

Nisamehe, nimepandisha sauti. Maikrofoni usinunue kwanza, nitakuazima moja. Tukutane Muheza kabla ya masika, tupande pamoja. Njoo na blanketi, kule juu kuna baridi, na kadi yako mwenyewe, yangu siazimishi.